Kabla Faili Haijafika kwa Mchapishaji
Mazungumzo kwa wafanyabiashara wadogo wa Kisauni, Likoni na Changamwe



Mazungumzo ya leo yanaanza na chupa ya achari. Chukulia mama mmoja wa Mtopanga, maana kisa hiki kina wenyewe wengi. Anapika achari ya maembe nyumbani, chama chake kimemchangia, na sasa anataka lebo 500 ili bidhaa yake ikubaliwe madukani. Kijana jirani anamtengenezea dizaini kwenye simu. Inapendeza mno: embe linang'aa, kijani kimekolea. Inatumwa kwa WhatsApp, malipo yanafanywa. Lebo zinapofika, embe limefifia, maandishi ya uzani yana ukungu, na kisu cha mashine kimekula tarakimu ya mwisho ya nambari ya simu. Mchapishaji anasema amechapisha alichotumiwa. Mama anasema alichoona kwenye simu si hiki. Wote wawili wanasema kweli, na pesa za chama zimekwenda.

Rangi ndiyo inayogombanisha watu zaidi. Kioo cha simu hutoa mwanga, na kila rangi hupatikana kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Karatasi haina mwanga wake. Mashine huipaka wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na mweusi. Kuna rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino hauwezi, hasa kijani kikali, rangi ya chungwa inayowaka na bluu ya umeme. Kwa hiyo anayetengeneza dizaini aiweke programu yake kwenye rangi nne za wino tangu mwanzo, na mwangaza wa kioo aupunguze, ili asijidanganye. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa wino wa aina nne, kila wino ukikaa pembeni kidogo tu, herufi huonekana kama zina kivuli.

Wino mweupe, kwa mashine nyingi, haupo. Palipo peupe kwenye dizaini huachwa wazi, na hapo ndipo karatasi yenyewe inapoonekana. Hili limewashtua wengi tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017 na mifuko ya kaki ikashika nafasi yake: nembo nyeupe ikichapwa kwenye kaki inatoka ya kaki.

Kuhusu ukungu, hesabu ni nyepesi. Picha ni mkusanyiko wa nukta. Kitu kinachosomwa mkononi, kama lebo au kadi, kinahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Picha yenye nukta 1,600 upande wake mrefu inatosha kwa takriban sentimita 13 na nusu, basi. Ukurasa mzima wa A4 unataka nukta 2,480 kwa 3,508. Ukiivuta picha ndogo ili iwe kubwa, kompyuta haina nukta nyingine za kuongeza ila za kubahatisha. WhatsApp nayo huibana picha ili isafiri haraka, kwa hiyo faili itumwe kama dokumenti, si kama picha, au ipelekwe kwa flashi. Nembo ni bora ichorwe kwa programu ya vekta, inayohifadhi mistari badala ya nukta, kwa sababu hiyo hukubali kukuzwa kutoka stika ya tuktuk hadi bango la ukumbi bila kuharibika.

Ile tarakimu iliyoliwa na kisu ina somo ambalo watu wa Mombasa wanalo kabatini. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Hakuna anayeweka jina juu ya ukingo wa kitambaa. Lebo ni vivyo hivyo: rangi ya nyuma ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikiyumba pasibaki ukanda mweupe, na maandishi yakae ndani angalau milimita 3 nyingine. Na kama ilivyo kwa kanga za Mali ya Abdulla, ambazo kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya hapa Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, imezifanya zijulikane pwani nzima, maneno husomwa kabla ya kuchapwa. Kosa la herufi moja likishaingia, ndilo linalovaliwa.

Kwenye lebo kosa la namna hiyo lina gharama kubwa kuliko aibu. Nambari ya till ya M-Pesa ikikosewa tarakimu moja, mteja anaweza kumlipa mtu mwingine. Tarehe ya mwisho wa matumizi isiposomeka, bidhaa hairuhusiwi rafuni. Faili ihifadhiwe kama PDF, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro, la sivyo kompyuta ya mchapishaji isiyo na aina hiyo ya herufi itaweka nyingine na mistari itasukumana. Kisha asome mtu wa pili, asiyeijua dizaini.

Hapa ndipo mashine ya kidijitali inapomfaa mfanyabiashara mdogo. Uchapishaji wa mabamba huanza na gharama ya kutengeneza mabamba yenyewe, kwa hiyo faida yake huonekana katika maelfu ya nakala. Mashine ya kidijitali haina bamba, inaweza kutoa nakala moja. Basi mteja aombe nakala moja ya majaribio, kwenye karatasi ileile, aibandike kwenye chupa, aitazame nje kwenye jua, aipigie simu ile nambari, kisha aiweke sahihi. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya lebo 500, na mzozo wa baadaye huwa na ushahidi.

Mabango yana mambo yake. Husomwa kwa mbali, kwa hiyo nukta 100 kwa inchi zinatosha. Yaachiwe nafasi pembeni kwa upindo na matundu ya kamba, kwa maana upepo wa Likoni hauna huruma. Majenta na manjano kwa kawaida hupauka mapema juani, hivyo bango la kukaa nje miezi lisitegemee maandishi mekundu. Na kabla ya kulichapisha, kibali kiombwe: Jedwali la Nne la Katiba limeweka usimamizi wa matangazo ya nje mikononi mwa kaunti, na bango lililotundikwa bila kibali linaweza kuondolewa.

La mwisho, mteja asidai PDF pekee. Aombe pia faili ya kazi inayoweza kurekebishwa, maana bei ya achari itapanda. Na kama alituma kitambulisho au cheti kwa kompyuta ya saiba ili kichapwe, asimame hapo mpaka kifutwe, pamoja na kwenye pipa la taka la kompyuta.

Sasa ni zamu ya maswali, na waliokuja na flashi zao wazitoe.