Uliza Kabla ya Kutia Sahihi Karatasi za Madeni

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa nafanya usafi wa ofisi usiku, mchana nasoma chuo. Nilikuwa nadaiwa kama pauni 7,000: kodi ya manispaa, umeme, na kadi ya benki niliyoitumia kumtumia mama pesa kambini. Nikaona tangazo kwenye simu kwamba serikali inafuta madeni. Nikapiga. Kijana mmoja mwenye sauti ya upole akaniuliza maswali, na jioni ile ile nikatia sahihi kwenye simu. Nilidhani nimesamehewa. Kumbe nimeingia kwenye IVA.

IVA ni mapatano ya kisheria kati yako na wanaokudai, chini ya msimamizi mwenye leseni. Kwa kawaida unalipa kila mwezi kwa miaka mitano au sita, na linalobaki linafutwa. Mwenye nyumba na mshahara wa uhakika linaweza kumfaa. Mimi nilikuwa mpangaji, sina gari, sina akiba. Yule kijana aliandika saa zangu za ziada kana kwamba ni mshahara wa kila mwezi, nauli ya basi akaiacha, ikaonekana nabakiwa na pauni 100. Malipo yangu ya mwanzo yakaishia kwenye ada za msimamizi. Saa za ziada zilipokatwa, nikashindwa kulipa, mpango ukavunjika, na madeni yakanirudia.

Kuhusu DRO hakusema neno. DRO ni amri ya msamaha kwa mtu asiye na mali: unakaa miezi 12 bila kulipa madeni yaliyomo, kisha yanafutwa. Kwa England na Wales sasa, deni lisizidi pauni 50,000, na kinachokubakia kwa mwezi kisizidi pauni 75. Tangu Aprili 2024 maombi hayana ada. Scotland wana taratibu zao.

Kwa nini alinyamaza? Kampuni za namna ile zililipwa kamisheni kwa kumpeleka mteja kwa msimamizi. Oktoba 2023 mamlaka ya fedha iliwapiga marufuku washauri hao kupokea malipo hayo. Hata hivyo, akikupigia mtu, muulize: wewe unalipwa na nani? Akibabaika, kata simu.

Kama umeshaingia, tafadhali usiache kulipa kwa hasira. Mpango ukivunjika wadai wanaweza kukufuata upya. Kwanza nenda StepChange, National Debtline au Citizens Advice, ni bure. Omba mkalimani. Usimbebeshe mtoto wako kazi hiyo, hesabu za deni la baba si za mtoto wa miaka kumi na mbili.

Kisha dai nakala ya pendekezo ulilotia sahihi na rekodi ya mazungumzo ya simu; ni haki yako kisheria. Linganisha matumizi waliyoandika na risiti zako. Malalamiko yapelekwe kwa kampuni yenyewe kwanza, kwa maandishi, na wasiporidhisha, kuhusu msimamizi unakwenda Insolvency Service. Wao wanaweza kufanya msimamizi awajibishwe, ila kwa kawaida hawavunji mpango wako, ndiyo maana ushauri unatangulia.

Nabaki hapa baada ya chai. Leteni barua, hata zile ambazo bahasha hamjafungua.