Hamamu ya Budapest na Birika Letu

 



Nimeombwa niseme maneno machache katika sherehe hii ya ukumbusho wa chama chetu. Ningaliweza kusimulia habari za waasisi wetu, lakini wako hapa wanaozijua kunishinda. Basi nitasema juu ya safari yangu moja, na juu ya kosa langu moja, nanyi mtaona jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana.

Mwaka uliopita mpwa wangu anayesoma katika nchi ya Hungaria alinialika nikamtazame. Anakaa Budapest, mji mkuu wa nchi hiyo. Mto mkubwa wa Danube umeukata mji huo mapande mawili: magharibi ni Buda penye vilima, na mashariki ni Pest penye tambarare. Siku ya tatu akaniambia, "Mjomba, leo nitakupeleka ukaoge katika nyumba iliyojengwa na Mwislamu." Nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Hamamu hiyo yaitwa Rudas, nayo iko chini ya kilima cha Gellért, kando ya mto. Waturuki waliutwaa mji wa Buda mwaka 1541, wakautawala hata mwaka 1686. Mwaka 1566 Sultani alimweka Sokollu Mustafa Pasha kuwa liwali wa Buda, naye akakaa katika kazi hiyo miaka 12. Yeye ndiye aliyeijenga. Maji yenyewe hakuyavumbua yeye, maana Warumi wa kale walikwisha kuoga katika chemchemi za moto za nchi ile. Mvua ya vilimani huzama katika mawe ya chokaa, hushuka chini sana penye joto, kisha hupanda kwa kupitia nyufa za ardhi na kutokea karibu na mto. Mjini mna chemchemi zaidi ya 100 za namna hiyo. Moto wake haukuwashwa na mwanadamu. Ni kudra ya Muumba.

Siku niliyokwenda ilikuwa ya wanaume peke yao. Wako wanaovaa kitambaa kidogo cha kiunoni, nacho hakitoshi kwa sitara tuijuayo sisi. Mimi nalivaa suruali ya kuogea iliyopita magoti, wala hakuna aliyenikataza. Nalitaja jambo hili kwa kuwa vijana huniuliza.

Ndani mna mvuke na ukimya. Juu kuna kuba la mawe, upana wake yapata mita 10, lililobebwa na nguzo 8, nalo lina matundu madogo yenye vioo vya rangi yanayopitisha nuru ya jua. Chini yake kuna birika kubwa la pembe 8, maji yake yana joto la digrii 36. Pembeni mna mabirika madogo manne, ya digrii 28, 30, 33 na 42. Katika lile la 42 nalitia mguu nikautoa upesi. Mzee mmoja wa Kihungaria akacheka, kisha akaonyesha kuba kwa kidole, akasema neno moja, "Török," yaani Kituruki.

Tulipotoka nalimwuliza mpwa wangu, "Na minara ya zama zile iko wapi?" Akanijibu kwamba mjini Budapest hakuna hata mmoja uliosimama. Vita vya mwaka 1686 viliharibu mengi, na mengine yakabomolewa baadaye. Msikiti mmoja uligeuzwa kanisa, na yaliyobaki ni alama chache ukutani. Pasha mwenyewe aliuawa kwa amri ya Sultani mwaka 1578. Watu wa nchi ile hawakumpenda mtawala aliyekuja kwa upanga, wala hatuwezi kuwalaumu. Lakini hamamu yake wameitunza! Na si hiyo tu. Iko nyingine iitwayo Király, isiyo na chemchemi yake. Maji yake yaliletwa kwa mabomba, kwa sababu ilijengwa ndani ya ukuta wa mji ili watu wapate kuoga hata adui akiwazingira.

Sasa nasema kosa langu. Mnakumbuka mkutano wetu wa miaka mitatu iliyopita. Fedha ilitosha jambo moja tu: ama mnara, ama birika la kutawadhia na vyoo vya akina mama. Mama mmoja mzee alisimama akasema kuwa wanawake hutawadha kwao, kisha hupita katika matope, wakafika msikitini miguu imechafuka. Nami nalisimama nikasema mnara ndio sura ya Uislamu. Mkanifuata, kwa kuwa mimi ni sheikh. Leo mnara tunao, nao ni mzuri. Na akina mama wangali wanatawadha kwa ndoo nyuma ya ukuta.

Sisemi kuwa hamamu ni bora kuliko msikiti, hasha. Nasema kwamba sala haisihi bila tahara, na mwenye kumwita mtu kwa adhana bila kumwekea maji amemwita nusu. Tena nasema kwamba sadaka inayoendelea ni ile inayomfaa mtu, hata asiyekujua, hata asiyekupenda. Yule mzee wa Kihungaria si wa dini yangu, naye alikuwa akistarehe katika kazi ya Mustafa.

Yule mama yetu yuko hapa leo, amekaa nyuma. Mama, nakutaka radhi mbele ya watu wote. Ulisema kweli, nami nalikuzidi kwa sauti tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba daftari la mchango wa birika lifunguliwe leo, kabla hatujatawanyika, na jina langu liandikwe la kwanza. Si kwa heshima, bali kwa kuwa deni ni langu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie.