Habari Inapokwama kwenye Seli: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Doornfontein

Kipokezi cha aina inayozungumziwa hapa ni protini iliyopenya utando wa seli, kichwa kikiwa nje na mkia ukiwa ndani. Kichwa hunasa homoni inayopita kwenye damu, na mkia huamsha kazi ndani ya seli. Mara nyingi homoni yenyewe hubaki nje. Kinachoingia ni habari yake, inayopokezanwa na protini moja baada ya nyingine hadi ifike inakotakiwa. Kwenye rejista za hospitali, kisukari, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na kudhoofika kwa kinga ya mwili huandikwa kwenye safu tatu tofauti. Ndani ya seli, magonjwa hayo matatu yanatumia njia zile zile za habari, na mtafiti anayefuata moja tu kati ya hayo hujikuta mlangoni kwa mengine mawili.

Insulini ndiyo iliyofungua njia ya kuyafahamu haya. Frederick Banting na Charles Best waliitoa kwenye kongosho la mbwa huko Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 ikampa uhai Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Kwa karibu nusu karne baadaye iliokoa wagonjwa bila mtu kujua seli inaipokeaje. Mwaka 1971, Pierre Freychet na Jesse Roth, wakiwa Marekani, waliitia insulini iodini yenye mnururisho na kuonyesha kwamba inashikwa mahali maalumu kwenye utando wa seli za ini. Mwaka 1982, Masato Kasuga na Ronald Kahn walionyesha kwamba kipokezi hicho ni kimeng'enya pia: kikishanasa insulini, mkia wake hujibandika fosfati kwenye asidi amino iitwayo tairosini. Fosfati hiyo ndiyo mwanzo wa habari. Baada yake protini ya IRS hubandikwa fosfati, kisha huamka kimeng'enya cha PI3K, kisha AKT, na mwishowe protini za kubeba sukari, GLUT4, hupanda hadi kwenye utando na sukari ikaingia. Kwenye misuli, yote haya huchukua dakika chache.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, hakuna anayebisha hodi, kwa sababu seli za kutengeneza insulini zimeharibiwa na kinga ya mwili yenyewe. Katika aina ya pili hodi inabishwa, tena kwa nguvu, ila ndani haiitikiwi ipasavyo. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walipata sehemu ya maelezo. Katika wanyama wanene waliowachunguza, tishu ya mafuta ilikuwa inatoa TNF, protini ambayo kazi yake inayofahamika ni kuwasha mapambano ya kinga. Baadaye ilidhihirika kwamba TNF husababisha IRS ibandikwe fosfati kwenye serini, asidi amino nyingine, badala ya tairosini. Fosfati ni ile ile. Mahali ilipobandikwa ndipo pamebadilika, na hapo habari ya insulini hukwama. Kinga iliyowashwa bila adui imekuwa kizuizi cha sukari.

Mishipa ya damu nayo husikiliza insulini. Katika seli zinazotanda upande wa ndani wa mshipa, njia ya PI3K na AKT huzalisha oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza mshipa. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Insulini hupitia pia njia ya pili, inayotoa endothelini, na hiyo hukaza mshipa. Seli zikiwa sugu kwa insulini, njia ya kwanza hufifia na ya pili hubaki wazi. Kongosho, likijaribu kushinda usugu, huongeza insulini, na kila nyongeza husukuma zaidi upande wa kukaza. Ndiyo sababu mojawapo ya presha na sukari kukutana mara kwa mara kwa mgonjwa mmoja. Dawa nyingi za presha zinafanya kazi kwenye vipokezi: propranolol, aliyoivumbua James Black katika miaka ya 1960, huziba vya adrenalini, na losartan huziba cha angiotensini.

Waheshimiwa waalikwa, Johannesburg ina historia yake katika utafiti huu, na sehemu ya historia hiyo inapita Doornfontein penyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaa huu ulikaliwa na Wayahudi wengi waliohamia kutoka Lithuania. Sinagogi lao liitwalo Lions Shul lingali hapa. Jamii hiyo, sawa na jamii ya Makaburu, ilitokana na mababu wachache, na katika kila jamii baadhi ya mababu hao walikuwa na jeni yenye kasoro ya kipokezi cha LDL, kibebeo cha lehemu kwenye damu. Kipokezi hicho, kilichoelezwa na Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas katika miaka ya 1970, huondoa lehemu kwenye damu kwa kuinasa na kuivuta ndani ya seli za ini. Mtu akirithi kasoro kutoka kwa mzazi mmoja, lehemu hupanda tangu utotoni. Akirithi kutoka kwa wote wawili, mafuta hujikusanya chini ya ngozi ya viwiko na magoti, na moyo waweza kushambuliwa kabla hajafika utu uzima.

Mwaka 1980 daktari Harry Seftel na wenzake wa Johannesburg waliandika kuhusu wingi usio wa kawaida wa wagonjwa waliorithi pande zote mbili. Mwaka 1989 walitoa makadirio kwamba katika Wayahudi wa Johannesburg mtu mmoja kati ya 67 alikuwa na kasoro hiyo, ilhali makadirio ya kawaida duniani wakati huo yalikuwa mmoja kati ya 500. Kazi ya Johannesburg haikuishia kuhesabu. Profesa Frederick Raal wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliongoza jaribio la dawa ya evolocumab lililochapishwa mwaka 2015. Dawa hiyo huzuia PCSK9, protini inayoharakisha kuvunjwa kwa vipokezi vya LDL, na kwa wagonjwa ambao vipokezi vyao bado vina nguvu kidogo, lehemu ilishuka. Ambaye hana hata kipokezi kimoja kinachofanya kazi hakunufaika, jambo ambalo mantiki ya kipokezi ingetabiri.

Upande wa kinga, nchi za kusini mwa Afrika zimelipa gharama kubwa ya vipokezi. Virusi vya UKIMWI huingia kwenye chembe nyeupe kwa kushika kipokezi cha CD4 pamoja na kingine, mara nyingi CCR5. Kisukari nacho huidhoofisha kinga: sukari ikizidi kwenye damu, chembe nyeupe hupungukiwa uwezo wa kuwafuata na kuwameza bakteria, na hatari ya kifua kikuu kwa mwenye kisukari huongezeka mara mbili hadi tatu.

Kwenye kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, yote matatu hukutana: sukari imepanda, mishipa imeziba, na kinga imeduwaa. Kidonda hicho ndicho kinachochunguzwa katika Kituo cha Utafiti wa Leza cha Chuo Kikuu cha Johannesburg, kampasi ya Doornfontein, na Profesa Heidi Abrahamse, Profesa Nicolette Houreld na wenzao. Seli za ngozi ya binadamu aina ya faibroblasti, zile zinazotengeneza kolajeni, hukuzwa kwenye sahani ndani ya maji ya virutubisho yaliyozidishwa sukari. Zikishatanda sahani nzima, ncha ya pipeti huburutwa katikati na kuacha mfereji mtupu: hicho ndicho kidonda. Sahani huwekwa chini ya leza nyekundu ya nanomita 660, kwa juli 5 kila sentimita ya mraba. Kisha darubini hufuatilia seli za kingo mbili zikinyoosha mikono yake kuelekea upande wa pili.

Seli zilizomulikwa huvuka haraka kuliko zile ambazo hazikumulikwa. Swali la Doornfontein limekuwa ni kwa nini, na jibu limetafutwa kwenye vipokezi. Katika kazi waliyochapisha mwaka 2018, watafiti wa kituo hicho walionyesha kwamba mwanga huo huongeza protini ya ukuaji EGF, huamsha kipokezi chake, na kuendeleza habari kupitia njia ya JAK/STAT. Kazi za baadaye zimegusa njia ya PI3K na AKT, ile ile ya insulini. Yaani habari iliyokwama mahali pamoja imepewa msukumo kupitia kipokezi kingine.

Thamani ya matokeo hayo ni kubwa, na mpaka wake unajulikana: sahani haina mishipa ya damu, haina bakteria, wala haina uzito wa mwili unaokanyaga kidonda kila siku. Kinachohitajika sasa ni kupima mwanga huo kwenye vidonda vya watu, kwa kipimo kinachofanana kutoka kliniki moja hadi nyingine, kwa sababu mwanga ukizidi kiasi huweza kuzuia seli badala ya kuzisaidia.

Haja ni ya haraka. Takwimu za serikali ya Afrika Kusini za mwaka 2016 ziliweka kisukari kuwa chanzo kikuu cha vifo vya wanawake, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda ya Afrika wana ugonjwa huu, zaidi ya nusu yao bila kujua. Kuhusu kuzuia vidonda, kampasi hii hii hufundisha wataalamu wa tiba ya miguu. Huko Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili ameongoza mafunzo ya utunzaji wa miguu kwa wahudumu wa mikoa ya Tanzania. Wahudumu wa namna hiyo wanapima ganzi ya mguu kwa uzi wa nailoni unaobonyezwa kwenye unyayo kwa nguvu ya gramu 10. Kifaa ni cha bei ndogo na kipimo huchukua dakika chache. Kwa wakazi wa mitaa ya jirani ya Yeoville na Bertrams, Wakongo na Watanzania wakiwamo, kipimo hicho na maelezo yake vitolewe kwa lugha wanayoielewa, Kiswahili kikiwa mojawapo, kabla kidonda hakijaanza.