Mzizi wa Kudzu na Kiu ya Pombe

Uko mmea utambaao, jamaa ya kunde, uitwao kudzu, ambao matabibu wa Uchina tangu karne nyingi wameuchimba mzizi wake na kuuchemsha kuwa dawa ya walioelemewa na ulevi. Mwaka 1993 maulamaa wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wing Ming Keung na Bert Vallee, walibainisha kwamba hamsta, vinyama ambao kwa tabia yao huipenda pombe, waliipunguza walipopewa dawa iliyomo katika mzizi huo.

Lakini mwanadamu si hamsta. Ndipo mwaka 2005, katika hospitali ya McLean huko Marekani, wanywaji wakaketishwa katika chumba kilichopambwa mfano wa sebule, televisheni mbele yao na bia ubavuni, huku mizani iliyotiwa ndani ya meza ikipima kila funda. Waliokwisha kumeza kudzu kwa siku 7 walikunywa bia chache zaidi, tena kwa mafunda madogo madogo. Ila, ajabu, hamu yao ya pombe haikuonekana kupungua. Watu wenyewe walikuwa wachache, nami naona ni mapema mno kuuita mzizi huu kinga.

Basi ewe ndugu unywaye kila siku, usiache ghafla kwa kutegemea unga wa mitishamba, kwani mwili uliozoea pombe, ukinyimwa kwa mara moja, huweza kutetemeka na kushikwa na degedege hata roho ikawa hatarini. Nenda zahanati, umweleze mganga kiasi unywacho, na dawa za miti utumiazo usimfiche.