Anayesikiliza Vidonda vya Watu Amefunzwa na Nani?



Mada tuliyopewa leo yaweza kuonekana kuwa ya maofisini: kuidhinishwa kwa mafunzo ya washauri nasaha na ya wale watoao tiba ya kisaikolojia. Huenda mmoja wenu anajiuliza, Haki na Amani ina shughuli gani na mitaala na mihuri? Mturuhusu tujibu kwa kuungama kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia mojawapo tuliyoitumikia, tuliandaa semina ya siku tano juu ya ushauri nasaha. Siku ya mwisho tuligawa vyeti vyenye mhuri wa parokia, tukapiga picha, tukashangilia. Haukupita muda, mama mmoja aliyekuwa akipigwa nyumbani akamwendea mmoja wa wahitimu wetu. Mhitimu huyo, mtu mwema na wa sala, alimsikiliza kwa huruma. Kisha akamwita mume, akamweleza yote aliyoambiwa, akawasihi wapatane. Usiku ule mama yule alivunjwa mkono. Alipofika kwetu alituuliza neno moja tu: "Padre, si mlisema huyu amefunzwa?" Hatukuwa na jibu. Mshauri wetu hakupungukiwa na upendo. Alipungukiwa na mafunzo, nasi tulikuwa tumempa karatasi isemayo kwamba anayo.

Hapo ndipo ilipo haki katika jambo hili. Anayenunua maharagwe sokoni huyachambua kwa mkono wake, akayatenga yaliyotobolewa. Lakini aliyevunjika moyo hawezi kumchambua mshauri. Huja akiwa dhaifu, akiwa na aibu, naye hutoboa siri kabla hajajua kama anayemsikiliza aweza kuibeba. Kwa sababu hiyo lazima mtu mwingine awe amepima mapema, kwa niaba yake. Kanisa lenyewe linalijua jambo hili. Kanuni ya 970 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haitoi mamlaka ya kuungamisha kwa padre kwa sababu tu amepewa daraja. Yataka awe ameonekana anafaa, kwa mtihani au kwa njia nyingine iliyo wazi. Ikiwa sisi mapadre hupimwa kabla ya kusikiliza, kwa nini mshauri asipimwe?

Katika nchi yetu ya Kenya haja ya washauri ilikua pamoja na misiba. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, wakafa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Mwaka 1999 Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la taifa, na miaka iliyofuata vituo vya ushauri na upimaji wa hiari vikaenea kila mahali. Zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zikaua zaidi ya watu elfu moja. Kila msiba ulidai wasikilizaji wengi na kwa haraka. Wako waliofunzwa kwa majuma mawili, wako waliofunzwa kwa miaka minne. Wote wakaitwa kwa jina moja, mshauri. Mwananchi angewatofautishaje?

Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, inayohusu mafunzo yao, usajili wao, leseni na viwango vya kazi, ikaunda na Bodi ya kuisimamia. Hapa tuwe waangalifu, kwa maana watu huchanganya mambo matatu. Kusajiliwa kwa chuo ni jambo moja. Kuidhinishwa kwa kozi ni jambo la pili: kozi za shahada ziko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na kozi za vyuo vya kati ziko chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Leseni ya mtu binafsi ni jambo la tatu, nayo ni ya Bodi. Chuo chaweza kuwa na jengo zuri na bango kubwa barabarani, na kozi yake isitambuliwe. Tumeona wazazi waliouza ng'ombe kulipa karo, mtoto akarudi na cheti kisichomfungulia mlango wowote. Huo nao ni wizi, ingawa mwizi amevaa tai.

Basi anayeidhinisha mafunzo atazame nini? Asitosheke na kuhesabu madarasa na vitabu. Aulize ni nani wafundishao, na je, wao wenyewe wamewahi kukaa na mgonjwa? Aulize mwanafunzi amefanya mazoezi kwa saa ngapi chini ya jicho la msimamizi. Aulize kama amefundishwa kutunza siri, na pia kutambua hatari inayomlazimu kutafuta msaada upesi. Aulize kama amezoezwa kusema, "Hili limenizidi," na kumpeleka mtu hospitalini. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mshauri asiye na wa kumsimamia atalemewa na mizigo ya wengine, halafu ataitua juu ya wanyonge.

Tunalisikia pingamizi lenu, nalo ni la kweli: vijijini mshauri mwenye leseni yuko mbali, na ada yake ni nzito. Tukifunga milango yote, maskini atabaki na nani? Tujibu hivi. Hakuna sheria iwezayo kumkataza jirani kumfariji mfiwa, wala mzee wa jumuiya kukaa na kijana aliyepotea njia. Huo ni wajibu wa kila mbatizwa. Lakini kufariji si kutibu, na anayefariji asijiite mtabibu. Kwa upande mwingine, wenye kuidhinisha wasiugeuze muhuri kuwa kituo cha kutoza ushuru. Haki hudai viwango, hudai pia kwamba mtoto wa maskini aweze kuvifikia.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. Kwanza, parokia isitoe tena cheti cha ushauri nasaha kwa semina yake yenyewe. Itoe barua ya kuhudhuria, basi. Pili, kabla ya mzazi kulipa karo, aende au aandike kwa mamlaka zinazohusika, aulize juu ya kozi yenyewe, siyo chuo tu. Tatu, kila jumuiya iwe na orodha ya washauri wenye leseni na hospitali zilizo karibu. Nne, dayosisi ichague walei wachache wenye kipaji, iwalipie kozi iliyoidhinishwa, nao warudi kuwahudumia wasioweza kulipa.

Yule Msamaria alimhurumia aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Lakini alikuwa pia na mafuta na divai, alijua kufunga jeraha, na alijua nyumba ya kumpeleka. Mama yule wa mkono uliovunjika aliipata huruma yetu. Vile vingine vyote hatukuwa navyo, na deni hilo bado liko juu yetu.

Amani ya Kristo iwe nanyi.