Mwalimu wa Chuo Kikuu na Nafsi ya Mwanafunzi



Nimetakiwa kusema machache juu ya mafunzo ya chuo kikuu na afya ya akili ya wanafunzi. Wengi huyatenga mambo haya: la kwanza huliona kazi ya mwalimu, la pili kazi ya daktari. Mimi naona kwamba somo lililofundishwa vizuri ni msaada wa kwanza kwa kijana aliyeelemewa.

Kwanza yatupasa kuondoa aibu. Wako wasemao kwamba huzuni na hofu zilizopita kiasi ni dalili ya upungufu wa imani. Nawakumbusha habari za Imam Ghazali. Mwaka 1095, alipokuwa akisomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, ulimi wake ulifunga asiweze kutoa somo, chakula kikamshinda, na matabibu wakasema kwamba maradhi yametoka moyoni. Ni nani atakayesema mtu huyo alipungukiwa na dini? Na kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, kwa kuwa nafsi nayo huugua na hutibiwa.

Sasa tutazame darasa. Kijana ametoka kijijini, ada haijatimia, na mtihani mmoja wa mwisho ndio utakaoamua kila kitu. Twaweza kumpunguzia mzigo bila ya kupunguza elimu. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kuyakumbuka waliyoyasoma, baada ya juma moja walikuwa na mengi zaidi kichwani kuliko waliorudia kusoma tu. Basi maswali mafupi ya kila juma, yenye alama chache, huithibitisha elimu na humwonyesha mwanafunzi mapema mahali alipopungukiwa. Walimu wetu wa Kurani walilifanya jambo hili zamani: humsikiliza mtoto somo la jana kabla ya kumpa jipya.

Pili, tuwajue wanafunzi kwa majina. Ajuaye majina humwona asiyekuwapo. Aliyekuwa akihudhuria akakoma, aliyekuwa nadhifu akajiacha, msemaji akanyamaza: mwite faragha, muulize hali yake, kisha usikilize. Usimhutubie.

Tatu, tujue mpaka wetu. Shirika la Afya Duniani lahesabu kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Mwanafunzi akisema ataka kujidhuru, usimwache peke yake, wala usimwahidi kuficha siri hiyo. Mfikishe kwa mshauri wa chuo au hospitali. Hapa Uganda jina la Butabika, hospitali yetu kubwa ya maradhi ya akili, wengine hulifanyia mzaha. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imeiondoa ile ya zamani. Ndimi zetu nazo zibadilike, maana aogopaye kuchekwa hatakwenda kutibiwa.

Ndugu zangu, Ghazali huyo huyo aliandika kwamba wajibu wa kwanza wa mwalimu ni kuwahurumia wanafunzi na kuwaweka mahali pa wanawe. Wazazi wametukabidhi amana. Siku ya kurudisha, hawatatuuliza juu ya shahada peke yake. Watataka kumwona mtoto wao akiwa mzima.