Kila Kisiwa na Hali Yake

Ukisimama Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, utaona dagaa na sangara wakishushwa kutoka visiwa vingi. Sokoni samaki hao huonekana wamoja. Visiwa walikotoka si vimoja.

Tuchukue Ukara, wilayani Ukerewe. Watu wake ni wakulima wa tangu jadi, hodari wa kutumia samadi, na ardhi yao imebanana. Mvuvi wa pale ana shamba, ana makaburi ya wazee wake, na ana sababu ya kulinda mazalia ya samaki. Sasa twende Goziba, mbali ziwani, upande wa Muleba. Huko wengi ni watu wa kambi: wamefuata samaki, na samaki wakiadimika watahama. Je, amri moja itawafaa wote hawa?

Yapo yasiyogawanyika. Sangara hana kijiji. Marufuku ya kuvua sangara wa chini ya sentimeta 50 lazima iwe ya wote. Ndiyo maana mwaka 1994 Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria.

Lakini mazalia yapi yafungwe, lini, na dagaa waanikwe wapi, hayo wenye kisiwa wanayajua kutushinda. Vikundi vyao vya kusimamia uvuvi, yaani BMU, vipo. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu haramu nyingi. Moto hutisha, ila hauzalishi samaki. Vikundi hivyo viulizwe kabla ya amri kutoka, visiitwe tu siku ya kukamata.